Jinsi ya kubuni na kutengeneza honi ya sauti za kati kwa spika ya inchi 10

Wengi wanaokodisha mitambo ya muziki hapa Uganda kwa ajili ya harusi, kwanjula (sherehe ya kutambulishana kabla ya harusi) na mikutano ya injili viwanjani hutumia boksi lenye spika ya inchi 15 chini na twita (spika ndogo ya sauti za juu) ya honi juu yake. Mpangilio huo hutoa besi ya kuridhisha na ukali wa kutosha, lakini mwili wa sauti ya binadamu, yaani kile kinachomfanya mzungumzaji asikike kama mtu na si kama redio ndogo, umo takriban kati ya masafa (idadi ya mitetemo kwa sekunde) ya Hz 250 na Hz 1,500, mahali ambapo spika ya inchi 15 imeanza kuchoka na twita haijawa tayari. Mwongozo huu unaeleza namna ya kuziba pengo hilo kwa honi ya mbao inayotengenezwa kwa mkono na kuendeshwa na spika ya koni ya inchi 10.

Koni ya spika ni nzito sana ikilinganishwa na hewa iliyo mbele yake, na ndiyo maana spika iliyofungwa kwenye boksi la kawaida hugeuza asilimia chache tu za umeme kuwa sauti, huku sehemu kubwa iliyobaki ikiishia kuwa joto kwenye koili. Honi huilazimisha koni kusukuma hewa iliyobanwa kwenye koo dogo, kisha huiachia hewa hiyo ipanuke polepole hadi mdomoni, na kwa njia hiyo ufanisi huweza kufika asilimia 10 au zaidi. Kila desibeli 3 unazozipata kwa honi zinakupunguzia nusu ya wati ambazo amplifaya ingehitaji, jambo ambalo anayewasha mitambo kwa jenereta au kwa betri za sola atalielewa bila kuhubiriwa.

Hatua ya kwanza: amua masafa kabla ya kugusa msumeno

Makosa mengi ninayoyaona kwenye honi za kienyeji hutokana na fundi kunakili umbo la honi ya kiwandani kwa macho, kisha kuipunguza ili iingie kwenye gari. Umbo la honi linaamuliwa na mambo mawili, yaani sauti ya chini kabisa unayotaka ibebe na ukubwa wa koni inayoisukuma, na ukubwa wa gari haumo katika orodha hiyo.

Kwa spika ya inchi 10, mpango wa busara ni kuitumia kuanzia Hz 250 hadi kati ya Hz 1,100 na Hz 1,400. Honi huanza kupoteza nguvu inapokaribia kikomo chake cha chini, kwa hiyo kikomo hicho kinapaswa kuwa chini kidogo ya mahali pa kuanzia kuitumia, na hapa tutakiweka Hz 180. Atakayetaka honi hiyohiyo ishuke hadi Hz 100 ajue kwamba upana wa mdomo utakaribia mita moja, na kwamba atahitaji watu wa kuibeba.

Hatua ya pili: ifahamu spika yako

Spika inayofaa honi ina sumaku yenye nguvu na koni nyepesi. Katika karatasi ya vipimo vyake tafuta herufi Fs, ambayo ni mlio wake wa asili, na Qes, ambayo hupungua kadiri sumaku inavyokuwa na nguvu. Zidisha Fs kwa 2 kisha gawanya kwa Qes. Jibu ni masafa ambayo juu yake uzito wa koni huanza kuishinda honi na sauti kushuka kwa takriban desibeli 6 kwa kila oktava, yaani kila masafa yanapoongezeka maradufu. Spika yenye Fs ya Hz 70 na Qes ya 0.2 inakupa Hz 700, na mteremko unaofuata hurekebishika kwa ikwalaiza, ukisaidiwa na tabia ya honi yenyewe ya kukusanya sauti mbele kadiri masafa yanavyopanda. Spika yenye Qes ya 0.5 inakupa Hz 280 tu. Hiyo iachie boksi la besi.

Spika nyingi zinazouzwa mjini Kampala hazina karatasi ya vipimo, na wati zilizobandikwa nyuma ya sumaku mara nyingi ni matumaini ya muuzaji. Zipime mwenyewe. Unganisha spika kwa mfululizo na rezista ya omu 1,000, peleka mlio safi kutoka kwenye programu ya simu kupitia amplifaya, na usome volti kwenye ncha za spika kwa maltimita, huku ukilinganisha na volti unazozipata unapoweka rezista ya omu 10 mahali pa spika. Masafa ambapo volti zinafika kilele ndiyo Fs. Chukua ukinzani wa kilele hicho, ugawanye kwa ukinzani wa koili uliopimwa kwa betri ya maltimita, na jibu uliite r. Kisha zidisha ukinzani wa kilele kwa ule wa koili, utafute kipeuo cha pili (mzizi wa mraba) cha jibu, na utafute masafa mawili, moja chini na moja juu ya Fs, ambapo ukinzani unalingana na namba hiyo. Fs ikizidishwa kwa kipeuo cha pili cha r, ikagawanywa kwa tofauti ya masafa hayo mawili, kisha ikagawanywa tena kwa r iliyopunguzwa 1, inakupa Qes. Maltimita za bei nafuu husoma vizuri milio ya chini, hadi Hz 400 hivi, na kazi hii yote inafanyika chini ya hapo.

Hatua ya tatu: koo, mdomo na urefu

Nadharia ya honi imekuwapo kwa zaidi ya karne moja. Arthur Gordon Webster wa Marekani aliichapisha mwaka 1919, na mafundi wameitumia tangu enzi za gramafoni. Tutatumia umbo la eksponensia, ambalo eneo lake hukua kwa uwiano uleule katika kila sentimita ya urefu.

Kasi ya sauti katika hewa ya nyuzi 25 ni karibu mita 346 kwa sekunde. Mwinuko wa Kampala hauibadilishi, kwa kuwa kasi hiyo hufuata joto la hewa na si wembamba wake. Kiwango cha kukua, tukiite m, ni 4 mara 3.14 mara masafa ya kikomo, gawanya kwa kasi ya sauti. Kwa Hz 180 jibu ni 6.54 kwa kila mita, maana yake ni kwamba eneo la honi linazidi maradufu kila baada ya sm 10.6.

Koo ndilo linalofuata. Koni ya inchi 10 ina eneo linalofanya kazi la takriban sentimita za mraba 346, yaani duara lenye kipenyo cha sm 21. Koo likiwa nusu ya eneo hilo tunapata mbano wa 2 kwa 1, ambao koni ya karatasi huustahimili bila shida. Mbano wa 4 kwa 1 huongeza sauti kidogo lakini huweza kuichana koni dhaifu kwa muda. Tundu la mraba la sm 13 kwa 13 lina sentimita za mraba 169, na hilo linatutosha.

Mdomo haujadiliwi. Honi inayosimama juu ya boksi la besi, mbali na ardhi na kuta, inahitaji mdomo ambao mzingo wake, ukihesabiwa kama duara, unalingana na urefu wa wimbi la masafa ya kikomo. Wimbi la Hz 180 lina urefu wa sm 192, na duara lenye mzingo huo lina eneo la takriban sentimita za mraba 2,940, karibu sawa na mraba wa sm 54 kwa 54. Ukipunguza mdomo, sehemu ya sauti inagonga ukingo wake ghafla na kurudi ndani, na msikilizaji anasikia ule mlio wa mtu anayezungumza akiwa ndani ya pipa, ambao wengi hudhani ndio tabia ya kila honi. Anayekusudia kupanga honi mbili au nne zikigusana anaweza kupunguza mdomo wa kila moja, kwa sababu zikiwa pamoja zinafanya kazi kama mdomo mmoja mkubwa katika milio ya chini. Anayetumia honi moja hana ruhusa hiyo.

Urefu sasa unajitokeza wenyewe. Gawanya eneo la mdomo kwa eneo la koo, tafuta logi asilia ya jibu, kisha gawanya kwa m. Katika mfano wetu ni logi asilia ya 17.25, yaani 2.85, gawanya kwa 6.54, sawa na mita 0.436. Upana wa ndani wa honi, kuanzia upande wa koni wa ubao wa koo, unakuwa hivi:

sm 0: upana sm 13.0
sm 5: upana sm 15.3
sm 10: upana sm 18.0
sm 15: upana sm 21.2
sm 20: upana sm 25.0
sm 25: upana sm 29.4
sm 30: upana sm 34.7
sm 35: upana sm 40.8
sm 40: upana sm 48.1
sm 43.6: upana sm 54.0

Mwenye spika ya inchi 12 atashangaa kuona kwamba honi yake inakuwa fupi zaidi. Koni yake ina takriban sentimita za mraba 530, koo linakuwa sm 16.3 kwa 16.3, na kwa kikomo na mdomo uleule urefu unashuka hadi sm 37 hivi. Anachopoteza ni upande wa juu, kwa hiyo asipange kuivusha Hz 1,000.

Hatua ya nne: hewa iliyo kati ya koni na koo

Hapa ndipo honi ya spika kubwa inapofaulu au kushindwa, na ni mahali ambapo wanaonakili kwa macho hawapaoni, kwa sababu pamefichwa ndani. Hewa iliyonaswa kati ya koni na ubao wa koo hufanya kazi kama springi: katika milio ya juu, koni huibana na kuiachia hewa hiyo badala ya kuipeleka kooni. Masafa ambapo hasara inafika desibeli 3 hupatikana kwa kuzidisha eneo la koo kwa kasi ya sauti, kisha kugawanya kwa ujazo wa hewa hiyo uliozidishwa kwa 6.28.

Ujazo huo unaweza kupimwa kwa wimbi, namaanisha nafaka. Laza spika chali, koni ikitazama juu, tandika kaveera (mfuko wa plastiki) laini ndani ya koni bila kuibonyeza, mimina nafaka hadi isawazike na ukingo, kisha unyanyue kaveera kwa uangalifu na umimine nafaka kwenye jagi lenye alama za mililita. Punje moja ikipenya kwenye nafasi ya koili utaisikia ikikwaruza daima. Koni yenye kina cha sm 5 hutoa karibu sentimita za ujazo 800. Ongeza 200 kwa nafasi ya milimita 6 ambayo lazima uiache ili ukingo laini wa koni usigonge ubao, na jumla ni 1,000, inayokuwekea kikomo cha karibu Hz 930.

Namna rahisi ya kupandisha kikomo hicho ni pete ya kujaza. Kata pete ya mbao nyepesi ambayo tundu lake la kati linalingana na koo na ukingo wake wa nje una kipenyo cha koni, ichonge kwa randa na msasa ili uso wake ufuate mteremko wa koni, kisha uigundishe nyuma ya ubao wa koo. Pete kama hiyo inaondoa takriban sentimita za ujazo 170 za hewa isiyo na kazi na kusogeza kikomo hadi karibu Hz 1,100. Kwa kuwa mteremko baada ya hapo ni wa polepole, ikwalaiza inaweza kukufikisha Hz 1,400. Wapo wanaoongeza kizibo chenye ncha katikati ya koo, lakini kizibo hula eneo la koo lenyewe, na usipolipanua koo kufidia eneo hilo faida inapotea; anayejenga honi yake ya kwanza ningemshauri aishie kwenye pete.

Hatua ya tano: boksi la nyuma

Mgongo wa spika unafungwa ndani ya boksi dogo lisilopitisha hewa. Udogo huo una sababu: hewa iliyofungwa huongeza ugumu wa spika, na mlio wake wa asili unapopandishwa hadi karibu na kikomo cha honi, hali mbili zinazopingana zinasawazishana na spika inafanya kazi kwa wepesi pale pagumu zaidi. Kwa spika yenye Fs ya Hz 70 na Vas (ujazo wa hewa ambao ulegevu wake ni sawa na wa spika yenyewe) ya lita 30, kuipandisha hadi Hz 180 kunahitaji lita 5.3 kwa hesabu ya usawa wa bahari. Kampala iko takriban mita 1,200 juu, hewa yake ina mgandamizo mdogo na hivyo ni springi legevu zaidi, kwa hiyo boksi linapaswa kupungua kwa karibu asilimia 13, likabaki na lita 4.7.

Boksi la ndani la sm 27 kwa 27 na kina cha sm 12, ambalo ndilo dogo linaloweza kuipokea spika ya inchi 10, lina lita 8.7. Sumaku na fremu vinachukua kama lita 2, na kinachozidi kinajazwa kwa vitalu vya mbao vya pembe tatu kwenye kona nne. Usivigundishe bado. Funga spika kwenye boksi pamoja na kifuniko chake, rudia kipimo cha rezista na maltimita, na uongeze au upunguze vitalu hadi kilele cha volti kifike karibu na Hz 180. Kipimo hiki kinakuokoa hata kama Vas huijui kabisa. Mwisho bandika sponji ya godoro ya sm 2 kwenye kuta za ndani, mbali na tundu la hewa la sumaku.

Hatua ya sita: ujenzi

Chora mkunjo kwa ukubwa wake halisi. Wanaochapisha mabango kwenye barabara ya Nasser watakutolea mchoro huo kwenye karatasi moja kubwa kwa usahihi kuliko kuchora kwa mkono. Kutokana nao kata mbavu nane za plaiwudi ya mm 18, mbili kwa kila upande wa honi, ukikumbuka kusogeza mstari nje kwa milimita 8 ambazo zitachukuliwa na unene wa kuta.

Kuta zinatengenezwa kwa tabaka mbili za plaiwudi ya mm 4 zilizogundishwa pamoja. Mkunjo si mkali. Hata karibu na mdomo, ambapo umekaza zaidi, nusu kipenyo chake ni sm 80 hivi, na plaiwudi hiyo itapinda bila kuloweshwa. Ila nyuzi za uso wake zikate upana wa honi, zisifuate urefu, maana zikifuata urefu ubao utakupinga na huenda ukapasuka. Angalia pia kwamba urefu wa ubao uliopinda ni sm 48.7, si 43.6, kwa kuwa unafuata mkunjo. Upana wa kila mahali unausoma kwenye orodha ya hapo juu, lakini umbali unaupima kwa kulaza futi kamba juu ya mkunjo wenyewe.

Ubao wa koo na fremu ya mdomo vikishashikanishwa na mbavu, pandisha kuta mbili zinazotazamana kwanza, kisha mbili zilizobaki, ambazo utaziacha na ziada ya milimita chache na kuzipunguza kwa randa hadi zikae. Gundi iliyochanganywa na unga wa mbao inaziba nyufa za kona. Katika miezi ya mvua ipe gundi siku nzima zaidi kabla ya kuondoa klampu, na ununue plaiwudi iliyohifadhiwa ndani. Ile iliyosimamishwa nje ya duka huko Ndeeba ikinyeshewa hujitenga tabaka baadaye, hata kama kwa macho inaonekana kavu.

Kabla ya kupaka vanishi, gonga kila ukuta kwa kifundo cha kidole, ukianzia kooni kuelekea mdomoni. Mlio mfupi na mkavu ni mzuri. Penye mlio unaorefuka kama ngoma ongeza ubavu kwa nje, kwa sababu ukuta huo utaimba pamoja na kila mzungumzaji.

Hatua ya saba: kuwasha na kupanga

Krosova, yaani kifaa kinachogawa masafa kati ya spika, iwe imewekwa kabla ya kuunganisha waya wowote: chini ikate Hz 250, juu ikate Hz 1,200, zote kwa mteremko wa desibeli 24 kwa oktava. Hakikisha twita yako inaruhusiwa kushuka hadi hapo, kwani twita nyingi ndogo za koili ya inchi 1 haziruhusiwi, na katika hali hiyo panda hadi Hz 1,400 au ubadilishe twita.

Weka sauti ndogo kwanza, sikiliza hotuba ya mwanamume na ya mwanamke, kisha upime kwa maikrofoni iliyosimama mita mbili mbele ya mdomo. Bonde moja jembamba halisikiki sana; kilima kipana kati ya Hz 500 na Hz 800 ndicho kinachochosha masikio, na hicho kipunguze kwa ikwalaiza badala ya kupandisha vingine.

Linabaki suala la muda. Koni ya honi iko sm 44 nyuma ya mdomo, na sauti yake inachelewa kwa milisekunde 1.3 ikilinganishwa na besi iliyo kwenye uso wa boksi lake. Kama krosova yako ni ya kidijitali, geuza nyaya za honi kwa makusudi ili plasi na mainasi zipishane, cheza mlio wa Hz 250, na uongeze ucheleweshaji wa besi kidogo kidogo, ukianzia milisekunde 1, hadi sauti mbele yako ididimie kabisa. Hapo acha ucheleweshaji ulipo, rudisha nyaya kama zilivyokuwa, na ufanye vivyo hivyo kati ya honi na twita.